Rast kwenye kinanda cha kawaida: kisa kimoja cha MML, Arduino na nota ya Sika

Mwanafunzi wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, mkaazi wa Kikwajuni mjini Unguja, alikuwa na haja ndogo: chombo cha kumpigia Rast, mojawapo ya maqam (mipangilio ya nota ya muziki wa Kiarabu), polepole, mara atakazo, ili aifuatishe kwa vidole siku ambazo hana darasa na maalim wake. Alikuwa na kinanda cha mitumba chenye tundu la pini tano la MIDI (mfumo ambao vyombo vya muziki vya umeme hupeana amri), laptopu kuukuu, na Arduino Nano, bodi ndogo ya umeme inayoandikiwa programu, aliyopewa na binamu yake, fundi simu wa Darajani. Kurekodi kwa simu hakukumfaa. Rekodi ukiipunguza mwendo, mikwaruzo inazidi na lile gongo la mwanzo la kamba linapotea. Wakaamua kukiandikia kinanda cha kupiga, kwa MML.

MML ni lugha ya amri za muziki. Wimbo mzima unakuwa mstari wa herufi na tarakimu. Programu inausoma kutoka kushoto, alama moja baada ya nyingine, na kuugeuza kuwa sauti. Takriban kila hitilafu iliyojitokeza katika kazi hii ilikuwa na shina moja: katika MML, na katika MIDI vilevile, amri ikishatolewa inabaki palepale mpaka amri nyingine iiondoe. Mpigaji wa kanuni analijua jambo hili kwa njia yake. Mandali, kile kijikono cha kubadilisha sauti ya nyuzi, ukiinyanyua, safu ile ya nyuzi inabaki juu hadi uishushe. Tofauti ni kwamba mandali unaiona kwa macho, na hali iliyobaki ndani ya kinanda haionekani popote.

Herufi, tarakimu na majina ya nota

Nota zinaandikwa kwa herufi a hadi g, na hapa ndipo mwanafunzi alipojikwaa mwanzo kabisa. Maalim wake hutumia Do Re Mi, na akiwa kwenye maqam hutumia majina ya Kiarabu: Rast, Duka, Sika, Jaharka, Nawa, Husayni, Awj, Kirdan. Kijana akaandika a b c d akitegemea kusikia Do Re Mi Fa, akapata La Si Do Re. Herufi a ni La. Do ni c. Dawa ilikuwa kipande cha karatasi kilichogandishwa juu ya kinanda: c ni Rast, d ni Duka, f ni Jaharka, g ni Nawa, a ni Husayni. Nafasi za Sika na Awj ziliachwa wazi kwa muda, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Tarakimu inayofuata herufi ni sehemu ya nota nzima, kwa hiyo inayokua ndiyo inayofupisha. c4 ni robo, c8 ni nusu ya robo, c16 ni nusu ya hiyo. Wanaoanza husoma c8 kama mapigo manane, na wimbo wao unakimbia kama uliofukuzwa. Nukta inaongeza nusu ya urefu: c4. ni sawa na robo na thumuni pamoja. Kuliko kuandika tarakimu kila mahali, l8 inasema nota zote zijazo zisizo na tarakimu ni za thumuni, mpaka ije l nyingine. t96 ni mwendo wa robo 96 kwa dakika. o4 ni oktava, > inapanda oktava moja na < inashuka. r ni kimya. Alama ya + inanyanyua nusu toni na alama ya - inashusha nusu toni. v ni nguvu ya sauti, & inaunganisha nota mbili, na q inasema sehemu gani ya urefu wa nota isikike kabla ya kuachiliwa.

Lugha hii ina lahaja nyingi, na lahaja hizo hazisikilizani. Amri ya PLAY katika BASIC ya IBM PC ya mwaka 1981 huandika kimya kwa P. Ile ya kompyuta za MSX za mwaka 1983 huandika R, na inapokea mistari mitatu kwa pamoja, mmoja kwa kila sauti. MSX inapima v kutoka 0 hadi 15, nyingine kutoka 0 hadi 127. Zipo lahaja ambazo alama za > na < zimegeuzwa kabisa. Mstari ulionakiliwa mahali fulani na kubandikwa bila kujaribiwa ni chanzo cha usumbufu usio na sababu. Afadhali kuchagua lahaja moja, kuandika sheria zake kwenye karatasi, na kubaki nayo. Hawa walitumia r, v hadi 127, na > ya kupanda.

Waya

MIDI ya pini tano ni mkondo mdogo wa kiasi cha miliampea 5 unaowasha taa ndani ya optokapla ya kinanda, yaani kifaa kinachopokea ishara kwa mwanga. Kwa bodi ya volti 5 kama Nano, vinahitajika rezista mbili za omu 220 na tundu la pini tano. Volti 5 inapita kwenye rezista moja kwenda pini ya 4. Pini ya TX ya bodi, yaani ya kutuma, inapita kwenye rezista ya pili kwenda pini ya 5. Pini ya 2 inakwenda ardhini upande wa bodi tu. Pini za 1 na 3 hazina kazi.

Kosa linalopatikana karibu kila mara ni kubadilisha ya 4 na ya 5, kwa sababu pini hazikupangwa kwa hesabu: ukifuata upinde zinakwenda 1, 4, 2, 5, 3, na ukigeuza tundu kuchomelea kwa nyuma mpangilio unageuka kama kwenye kioo. Ukikosea, kinanda kinanyamaza tu wala hakiungui, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa. Geuza nyaya mbili ujaribu tena. Hapa kwetu kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kuilaumu programu. Tundu la kinanda kilichokaa miaka karibu na bahari huwa limeota kutu ndani. Tundu la kinanda hiki lilisafishwa kwa spiriti na mswaki laini, na ndipo ujumbe ukaanza kufika bila kukatikakatika.

Vinanda vingi vipya havina tundu la pini tano, vina USB peke yake. Nano haiwezi kuzungumza na kinanda kwa USB moja kwa moja. Anayenunua kinanda cha mitumba kwa kazi hii akigeuze nyuma kwanza, kabla hata ya kuuliza bei.

Kwenye programu, kasi ya kutuma ni biti 31,250 kwa sekunde, si 9,600 iliyozoeleka. Kila baiti moja inachukua mikrosekunde 320, kwa hiyo ujumbe wa nota wenye baiti tatu unapita kwa karibu milisekunde moja. Wakati wa kupakia programu mpya, waya wa MIDI uchomolewe: pini ya TX inatumika pia na USB, na majibu ya bodi kwa laptopu yanaingia kwenye kinanda kama takataka.

Hilo la TX lina mtego wa pili, ambao binamu mtu aliung'amua baada ya kinanda kupiga nota nyembamba mno kila programu ilipoanza. Mwanafunzi alikuwa ameweka amri ya kuandika neno "kuanza" kwenye skrini ya laptopu. Neno hilo lilitoka kwa TX na kufika kinandani. Kinanda kikikumbuka kuwa ujumbe wa mwisho ulikuwa wa kupiga nota, baiti zozote zinazofuata zilizo chini ya 128 kinazihesabu kuwa nota nyingine za aina hiyohiyo. Herufi k ni 107 na u ni 117: kinanda kikasikia "piga nota 107 kwa nguvu 117". Ndiyo ile hali inayobaki, safari hii ndani ya waya. Wakaondoa maandishi yote na kutumia taa ndogo ya pini 13 kujua programu imefika wapi.

Mazoezi ya mwanzo: Ajam na mdundo

Hawakuanza na Rast, na hilo lilikuwa shauri jema la maalim. Maqam Ajam inatumia nota zilizomo kinandani bila kuongeza kitu, na maqam Hijaz juu ya Duka inahitaji alama za kawaida tu: d e- f+ g a b- >c d. Anayeanzia Rast anapambana na lugha na robo toni kwa wakati mmoja, na kosa likitokea hajui limetoka wapi.

Mstari wa kwanza wa Ajam ulikuwa huu:

t96 l8 o4 [c d e f g a b >c]4

Mabano ya mraba na tarakimu ni kurudia mara nne. Mzunguko wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ulianza oktava moja juu, wa tatu juu zaidi, na wa nne Do yake ya kuanzia ilikuwa nota ya 96 ya MIDI badala ya 60. Alama ya > ilipandisha oktava kila mzunguko na hakuna kilichoirudisha. Tiba ni mbili: kufunga kila > kwa < yake, au kuingiza o4 ndani ya mabano. Ya pili ni salama zaidi, kwa sababu hata mstari ukikosewa katikati, mzunguko unaofuata unajirekebisha wenyewe.

Kuhusu namba ya oktava: katika programu hii o4 c ni nota 60. Baadhi ya watengenezaji wa vinanda huiita nota 60 Do ya oktava ya 3, kwa hiyo maandishi ya skrini ya kinanda na ya MML yanaweza kupishana kwa moja bila kosa lolote.

Mdundo ulipelekwa chaneli ya 10 (chaneli ni njia ya amri za MIDI inayojitegemea), ambayo katika General MIDI, mpangilio wa pamoja wa sauti za vinanda, ni ya ngoma, na kila nota ni ngoma tofauti. Nota 64 ni konga ya chini, ikawa dum, pigo zito. Nota 62 ni konga ya juu iliyozibwa, ikawa tak, pigo jepesi. Kwa kuwa o4 c ni 60, basi dum inaandikwa e na tak inaandikwa d. Mdundo wa maqsum, dum tak kimya tak dum kimya tak kimya, ukawa:

l8 o4 [e d r d e r d r]8

Mwanafunzi aliandika mwanzo e d d e d, akidhani kimya kitajileta chenyewe kwa vile ndivyo mkono wa mpigaji wa dumbak unavyofanya. Mashine haina mkono. Mizani ya thumuni nane ikawa ya thumuni tano, na mdundo ukawa unakutana na mlio kila baada ya thumuni 40, yaani mizani tano kamili za mlio. Ukisikia ngoma inapotea kisha inarudi yenyewe kwa vipindi sawa, usiguse mwendo. Hesabu thumuni za kila mstari kwanza.

Sauti ya kanuni haimo katika orodha ya General MIDI. Iliyo karibu ni ya 16, dalsima, ala ya nyuzi zinazogongwa. Alipotuma 16, kinanda kikalia kama ogani: orodha inahesabu kuanzia 1 lakini baiti inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo dalsima ni 15, na 16 ni ogani ya jirani yake.

Saa ya programu

Programu ya kwanza ilikuwa inapiga nota, inasubiri, inapiga nyingine. Njia hiyo inatosha kwa mstari mmoja. Ikifika mistari mitatu, yaani mlio, mvumo wa chini na ngoma, haiwezekani kusubiri kwa ajili ya mmoja huku wengine wamesimama. Wakagawa nota nzima katika vipande 192, na kila kipande programu inakagua mistari yote mitatu. Namba 192 si ya bahati. Inagawanyika kwa 8, 16, 32 na 64, na pia kwa 12 na 24 kwa nota za tatu-tatu. Haigawanyiki kwa 5.

Kwa t96 nota nzima ina sekunde 2.5, kwa hiyo kipande kimoja ni mikrosekunde 13,020 na ushei. Saa ihesabiwe kwa mikrosekunde. Ukihesabu kwa milisekunde na kukata desimali, kipande cha t120 kinachotakiwa kuwa 10.4 kinakuwa 10, na wimbo unakwenda kama t125. Jingine ambalo halionekani kwenye jaribio fupi: kipande kikifika, ongeza urefu wake kwenye wakati uliopita, usiandike upya wakati wa sasa. Ukiandika wakati wa sasa, kila ucheleweshaji mdogo unaingia kwenye hesabu milele, na baada ya dakika chache wimbo umezorota.

Mlio ukirudia nota ileile mfululizo kwa q8, yaani bila mwanya, kuachilia ya kwanza na kupiga ya pili kunaangukia kipande kimoja. Achilia kwanza, kisha piga. Ukigeuza, amri ya kuachilia inaua nota mpya, na rasha yote ya kanuni inakuwa nota moja na ukimya.

Kumbukumbu ya Nano ni baiti 2,048 tu za kufanyia kazi. Bashrafu ndefu ikiandikwa kama maandishi ya kawaida inazijaza, na bodi inaanza kujizima na kujiwasha. Mistari ya wimbo ikae kwenye kumbukumbu ya programu, ambayo ni kilobaiti 32, kwa amri ya PROGMEM.

Sika

Sasa Rast. Nota zake ni Do, Re, Mi nusu-flati, Fa, Sol, La, Si nusu-flati. Mi ile ndiyo Sika na Si ile ndiyo Awj. Ziko katikati ya nota mbili za kinanda, na kwenye mgawanyo wa robo toni 24 uliojadiliwa katika kongamano la Kairo la mwaka 1932 zinashuka robo toni moja, yaani senti 50 (nusu toni ni senti 100). MML haina alama ya robo toni. Wakaongeza moja: ~ baada ya herufi.

t96 l8 o4 c d e~ f g a b~ >c <b~ a g f e~ d c4

Mstari huu ni thumuni 16, mizani mbili kamili, na unaanza na kuisha oktava moja.

Kushusha robo toni katika MIDI ni kazi ya ujumbe wa kupinda sauti, uleule unaotumwa na gurudumu la kushoto la kinanda. Thamani yake inakwenda 0 hadi 16,383 na katikati ni 8,192. Gurudumu likiwa na upeo wa nusu toni mbili kila upande, ndio upeo uliozoeleka, robo toni ni 2,048. Kwa hiyo Sika inahitaji 8,192 kutoa 2,048, yaani 6,144. Thamani inagawanywa baiti mbili, ndogo kwanza: 0 kisha 48. Ukizipindua, kinanda kinasoma 48 tupu, ambayo iko karibu na mwisho wa chini kabisa, na Mi inaporomoka karibu kufika Re.

Jaribio la kwanza: Mi ikatoka vizuri, na kuanzia Fa kila kitu kikawa chini kwa robo toni. Msomaji ameshajua kwa nini. Kupinda kunabaki. Wakaongeza ujumbe wa kurudi katikati kabla ya kila nota isiyo na ~. Hapo ikaja hitilafu mbaya zaidi kwa sikio. Dalsima ina mkia mrefu. Fa inapopigwa na sauti kurudishwa katikati, mkia wa Mi ambao bado unalia unapanda nao. Kila Sika ikawa inamalizika kwa kulalama. Pia mvumo wa Do uliokuwa chaneli hiyohiyo ulikuwa ukishuka na kupanda pamoja na mlio, kwa sababu kupinda ni kwa chaneli nzima na si kwa nota moja. Mvumo ukahamishiwa chaneli 2, lakini mkia ukabaki.

Mpangilio nao una maana: kupinda kwanza, nota baadaye. Programu yao ilikuwa ikituma kupinda kwenye kipande kinachofuata, na milisekunde 13 zile zilitosha kusikika, kwani sauti ya kamba inayogongwa ina mwanzo mkali na sikio linakamata Mi kamili kabla haijashuka.

Umeme ulipokatika

Kabla ya mkia kutatuliwa, likatokea jambo lililowapotezea jioni nzima. Umeme ulikatika na kurudi. Kinanda kilizima, laptopu ina betri, na Nano ilikuwa inakula umeme wa laptopu, kwa hiyo programu haikusita. Wimbo ulipoendelea, Sika ilikuwa Re bemoli, yaani Re iliyoshushwa nusu toni.

Kinanda hiki kilikuwa kimewekwa na mwenye nacho wa zamani upeo wa kupinda wa nusu toni 12, na mpangilio huo umehifadhiwa ndani yake. Kwa upeo wa 12, thamani ileile ya 6,144 inashusha nusu toni tatu: Mi hadi Re bemoli kamili. Programu ilikuwa ikituma upeo wa 2 mara moja tu, bodi inapowashwa. Kinanda kilipozima kikasahau, programu ikaamini bado kinakumbuka.

Upeo unatumwa kwa vidhibiti vinne. Kwa chaneli 1: 176 101 0, kisha 176 100 0, kisha 176 6 2, kisha 176 38 0. Baadaye unafungwa kwa 176 101 127 na 176 100 127, ili kidhibiti cha 6 kikija kwa sababu nyingine kisibadilishe upeo bila mtu kujua. Sasa kundi hili linatumwa mwanzo wa kila wimbo, si mwanzo wa programu. Linachukua milisekunde chache, na hakuna sababu ya kulibania.

Binamu alipendekeza Nano ipewe umeme wa pawabenki badala ya laptopu. Haikufaa: bodi inakula mkondo mdogo kiasi kwamba pawabenki nyingi zinadhani hakuna kitu kimechomekwa na zinajizima. Chaja ya simu ya volti 5 inatosha, nayo ina faida ya kuzima pamoja na kinanda.

Chaneli ya nusu-flati

Suluhisho la mkia ni kuacha kupigana na hali inayobaki na kuitumia. Chaneli 3 ilipewa dalsima ileile, nguvu ileile na mwangwi uleule kama chaneli 1, kisha ikapindwa mara moja chini kwa robo toni na kuachwa hivyo. Nota yenye ~ inapigwa chaneli 3, nyingine zote chaneli 1. Hakuna ujumbe wa kupinda unaotumwa katikati ya wimbo. Mkia wa Sika unalia ulipo na Fa inaanza ilipo, kila mmoja na njia yake. Programu nayo ikawa fupi: msomaji wa mstari akikuta ~ anabadilisha namba ya chaneli, basi.

Kilichobaki ni kimo cha sauti ya Sika yenyewe. Maalim aliposikiliza, mwanafunzi akiwa ameridhika na 6,144 zake, alikatiza baada ya mizani mbili.

"Sika yako imelala, mwanangu. Inyanyue kidogo."

"Kiasi gani, maalim?"

"We nyanyua, nikwambie basi."

Sika ya Rast kwa wapigaji wengi haikai katikati barabara. Iko juu kidogo ya robo toni ya vitabuni. Kwa upeo wa nusu toni mbili, senti moja ni karibu 41. Walipanda senti tano tano. Kwenye senti 40 chini ya Mi, maalim akasema basi: 8,192 kutoa 1,638 ni 6,554, baiti 26 na 51, kwa hiyo ujumbe wa chaneli 3 ni 226 26 51. Awj ilihitaji kipimo chake, ikapewa chaneli 4. Namba hizi ni za sikio la maalim huyu kwa Rast hii. Asiyekubaliana nazo abadilishe baiti mbili.

Mtego mmoja zaidi ulikuwa kwenye kitufe cha kunyamazisha. Walikiwekea vidhibiti 123, kuachilia nota zote, na 121, kurudisha vidhibiti vyote mwanzo. Hicho cha 121 kinarudisha pia kupinda katikati, na baada ya kukibonyeza Sika inakuwa Mi ya kawaida, Rast inageuka Ajam. Kwa kunyamazisha, 123 na 120 zinatosha. Na kama 121 lazima itumike, kundi la mwanzo wa wimbo lifuate papo hapo.

Kundi hilo la mwanzo sasa lina mpangilio huu kwa chaneli 1, 3 na 4: sauti ya 15, nguvu kwa kidhibiti cha 7, upeo wa nusu toni mbili na kuufunga, kisha kupinda, ambapo chaneli 1 inarudishwa katikati kwa makusudi hata kama inaaminika iko hapo.

Bayati juu ya Duka inatumia Sika pia, lakini iliyo chini zaidi ya ile ya Rast. Kwa nyimbo zinazohama kutoka Rast kwenda Bayati waliongeza amri k yenye senti: k40 kwa Rast, k55 kama maalim anavyoitaka kwenye Bayati, ambayo ni 5,939, baiti 51 na 46. Amri hii inapinda chaneli 3 upya katikati ya wimbo, kwa hiyo ule ubaya wa mkia unaweza kurudi. Iwekwe mahali ambapo nota ya mwisho yenye ~ imeshapita kwa robo mbili au zaidi, na kama hakuna mahali hapo, itangulizwe na r4.